Bechi ya saa, ya zamu au ya lori: kiwanda cha unga kichague ipi kabla ya siku ya kurejesha mzigo

Mwenye kiwanda akinipigia simu kuuliza anunue programu gani ya kufuatilia bidhaa zake, nami humuuliza: bechi yako moja, yaani mzigo unaobeba msimbo mmoja, ina pakiti ngapi? Kimya. Wengi hatimaye hujibu "ni ya siku," kwa sauti ya mtu anayekisia. Idadi hawaijui. Na idadi hiyo ndiyo bili watakayolipa siku TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, au mteja aliyevunjika jino atakapogonga geti.

Nimekaa upande wa ubora kwenye viwanda vya unga na siagi ya karanga kwa miaka kadhaa. Karibu kila mpango wa kurejesha bidhaa niliousoma ulikuwa na kurasa nyingi za nani ampigie nani simu, na nusu ukurasa kuhusu bechi inaanzia wapi na kuishia wapi. Mmoja bado ulikuwa na namba za TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, wakati usimamizi wa chakula Tanzania ulihamia TBS tangu 2019. Namba za simu hubadilishwa kwa dakika tano. Bechi iliyokosewa haibadilishwi mzigo ukiwa tayari Mbagala na Tunduma. Kwa hiyo nitakaa kwenye bechi muda mrefu kuliko mahali pengine.

Hesabu ya kiwanda kimoja

Tuchukue kiwanda cha sembe cha ukubwa wa kati. Kinafungasha tani 24 kwa siku katika pakiti za kilo 2, zamu tatu za saa nane. Hizo ni pakiti 12,000, sawa na mabando 1,000 ya pakiti kumi na mbili kumi na mbili. Lori moja la mahindi linaleta tani 30. Tuseme unga unaotoka ni tani 21, iliyobaki ni pumba. Nyuma ya kiwanda kuna kihenge kinachomeza malori kumi.

| Bechi ikiwa ni ya | Pakiti zinazorudi | Inafaa kwa tatizo la | Haifai kwa tatizo la |
|---|---|---|---|
| Saa moja | 500 | waya wa chekeche, kipande cha chuma, uzito pungufu | sumukuvu (sumu ya kuvu wa nafaka) |
| Zamu | 4,000 | makosa ya mashine na ya watu wa zamu | sumukuvu |
| Siku | 12,000 | urahisi wa kuandika | karibu yote mengine |
| Lori moja | 10,500 | sumukuvu, masalia ya dawa za ghalani | chuma, lebo |
| Kihenge chote | 105,000 | sumukuvu, kwa bei ya kufilisi | yote mengine |

Mtu anayetazama safu ya pili peke yake atachagua bechi ya saa na kwenda kulala. Hapo ndipo wengi hupotea. Bechi ndogo inakusaidia tu ikiwa mpaka wake unalingana na mpaka wa tatizo. Chekeche likichanika saa nne asubuhi, waya unaingia kwenye unga kuanzia saa nne, na saa iliyochapwa kwenye pakiti inakuambia ukate wapi. Lakini sumukuvu haikuzaliwa saa nne. Ilianza shambani au kwenye ghala la mtu mwingine, mahindi yakiwa na unyevu kupita asilimia 13.5 ambayo ndiyo kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki, ikaja ndani ya lori, ikamwagwa kihengeni, ikachanganyika. Bechi 24 za saa moja zilizotoka kwenye kihenge hicho zote ni ndugu wa tumbo moja. Mkaguzi akikuta mojawapo imezidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, au 5 za ile aina ya B1, hutakuwa na hoja ya kuwatetea ndugu zake.

Kibaya zaidi ni kihenge kisichowahi kumalizika. Nimeona vya namna hiyo: kikifika theluthi, lori jipya linamwagwa juu. Kwenye karatasi bechi inaanza Jumatatu. Kihengeni haina mwanzo wala mwisho, maana punje za mwezi uliopita bado zimeshika ukutani. Ukilazimika kurejesha bidhaa za kihenge hicho, unarudi nyuma hadi siku ya mwisho kilipokaguliwa kikiwa kitupu. Kama hakuna anayeikumbuka siku hiyo, unarejesha kila kilichopo sokoni.

Kwa kiwanda cha sembe au dona, kwa hiyo, ningechagua bechi ya lori, na nikubali gharama yake. Gharama yenyewe ni hii: unahitaji angalau vihenge viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, ili kimoja kimalizike kabisa wakati kingine kinapokea. Unahitaji sampuli ya akiba ya kila lori, imefungwa, imeandikwa, imewekwa pakavu hadi tarehe ya mwisho ya matumizi ya unga wake ipite. Na unahitaji msimamizi mwenye ubavu wa kumwambia dereva asubiri. Malori mawili ya mkulima mmoja, ghala moja, wiki moja, unaweza kuyaunganisha; mimi sikatai. Malori ya madalali watatu tofauti usiyaunganishe hata kama yalipita getini mchana mmoja.

Kumbuka pia kwamba lori kupita kipimo si hati ya usafi. Sumukuvu haijitandazi sawasawa kwenye mahindi. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na bambo lako, kile chuma cha kuchotea sampuli, likazikosa. Ndiyo maana sampuli huchotwa sehemu nyingi za lori, ikasagwa yote, ndipo sehemu ndogo ipimwe. Anayechota kikombe kimoja mlangoni mwa lori amepima kikombe.

Halafu saa. Mashine ya kuchapia tarehe inaweza kuchapa saa na dakika bila senti ya ziada, na bado viwanda vingi huzima sehemu hiyo kwa sababu "inachafua pakiti". Iwasheni. Herufi za lori zikitangulia, tarehe na saa zikifuata, msimbo mmoja unabeba mipaka miwili: tatizo likiwa la mahindi unakata kwa lori, likiwa la mashine unakata kwa saa. Kwa kiwanda kinachogonga muhuri kwa mkono, kubadilisha muhuri kila saa ni ndoto. Gongeni wa lori na wa zamu, inatosha.

Angalizo moja kuhusu hizo pakiti 500. Tatizo la chuma linarudi nyuma hadi ukaguzi wa mwisho uliokuwa salama. Ukikagua chekeche kila baada ya saa nne, bechi yako halisi ni pakiti 2,000, hata ungechapa kila sekunde. Anayetaka bechi ndogo anunue kwanza nidhamu ya ukaguzi, ndipo anunue wino.

Siagi ya karanga ina mantiki hiyohiyo, ila ina mtego wake: mabaki ya jana yanayorudishwa kwenye mashine leo. Kilo tano za mabaki zinatosha kuifunga bechi ya leo na ya jana kuwa moja. Ama uandike mabaki yanaingia wapi, ama uyatupe.

Daftari, jedwali au programu

Hapa sina mapenzi na upande wowote. Daftari la mistari ni zuri kwa kiwanda kinachotoa magari mawili au matatu kwa siku, mradi kila gari liandikwe: nani, mabando mangapi, bechi zipi. Udhaifu wake unaonekana siku ya dharura, maana kutafuta bechi moja kwenye madaftari manne kwa mwanga wa simu ni kazi ya usiku kucha, na daftari likilowa hakuna nakala.

Jedwali la Excel ndilo ninalopendekeza kwa wengi. Unachuja safu ya bechi na orodha ya wateja inatoka. Mtu mmoja analijaza kila jioni kutoka kwenye daftari la getini, nakala inatumwa kwa barua pepe ya mwenye mali. Programu ya kununua inaanza kulipa pale unapokuwa na maghala zaidi ya moja, au mnunuzi wa nje anayedai cheti. Kiwango cha usalama wa chakula cha BRCGS, kwa mfano, kinataka ufuatiliaji kamili ukamilike ndani ya saa nne, pamoja na mizania: kilichofungashwa kilingane na kilichouzwa, kilichopo ghalani na kilichoharibika. Ulaya nako, tangu sheria namba 178 ya 2002, kila mfanyabiashara wa chakula anatakiwa ajue hatua moja nyuma na hatua moja mbele.

Lakini programu ya milioni nyingi haimwoni mpakiaji. Kiwanda kimoja nilichokifanyia kazi kilikuwa na mfumo mzuri wa kompyuta, na zoezi letu la kwanza lilichukua siku mbili. Sababu ilikuwa kona ya ghala. Mabando yaliyobaki jana yalikuwa yanawekwa konani, na kesho yake yanatupiwa kwenye gari lolote lililopungukiwa. Mfumo ulisema gari la Morogoro limebeba bechi moja. Kwa kweli lilibeba tatu. Tuliitatua kwa chaki na mistari sakafuni.

Kwa Tanzania kuna msaada ambao watu huusahau. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ina tarehe, saa na kiasi, na mara nyingi jina na TIN ya mnunuzi. Haina bechi, ila ukijua bechi fulani ilitoka Jumanne mchana, risiti za Jumanne mchana ni orodha ya wateja. Malipo ya simu nayo yanakupa namba ya mtu wa Kariakoo ambaye jina lake hukuwahi kuuliza.

Pima mfumo wako hivi: mtume kijana akanunue pakiti moja ya unga wako kwenye duka la mtaani, asikuambie wapi. Akishaiweka mezani, washa saa. Nyuma hadi lori la mahindi, mbele hadi kila mteja aliyepata bechi hiyo. Zoezi la mezani, ambapo meneja anachagua bechi anayoikumbuka vizuri, ni la kuridhisha mkaguzi tu.

Kuondoa madukani au kurejesha hadi majumbani

Kiswahili chetu huyachanganya mambo haya mawili na matokeo yake ni fujo. Kuondoa ni kutoa mzigo kwa wakala na madukani kabla haujamfikia mlaji. Kurejesha ni kumwambia mama aliyekwisha nunua aache kupika na arudishe. La kwanza linaweza kufanywa kwa simu na gari. La pili linahitaji tangazo.

Tatizo likiwa la uzito pungufu au chapa iliyofutika, ondoa tu, mwarifu mdhibiti, maliza. Likiwa linaweza kuumiza na pakiti zimekwisha vuka kaunta, kuondoa kimyakimya ni kamari na afya ya watu wasiojua kwamba wako mezani. Wamarekani hugawa uzito wa jambo katika madaraja matatu, la kwanza likiwa lile linaloweza kuua au kuleta madhara makubwa. Sumukuvu iliyozidi sana naiweka huko bila kusita. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa Kenya kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilizika watu kwa sababu hiyohiyo. Wagonjwa wa unga wa pakiti hawataanguka kwa wingi namna hiyo, kwani sumu ndogo ya kila siku hufanya kazi yake kwenye ini polepole. Ndiyo maana inashawishi kunyamaza.

Nani atangaze kwanza, wewe au mdhibiti? Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na Januari 2020 ikasimamisha nyingine 17. Mitaani watu walikumbuka jina la unga. Hakuna aliyesimama dukani kusoma namba ya bechi. Tangazo lako mwenyewe, lenye picha ya pakiti na mshale unaoonyesha msimbo uko wapi, lina nafasi ya kuokoa bechi nyingine. La serikali likitangulia, chapa yote inakwenda nayo. Afrika Kusini, tarehe 4 Machi 2018, waziri wa afya ndiye aliyewatajia wananchi kiwanda cha Polokwane kilichohusishwa na ugonjwa wa listeria. Nchi nzima iliacha kula polony, aina ya soseji, ya kiwanda hicho na ya wengine.

Swali gumu zaidi ni upana wa tangazo la kwanza. Uanze na bechi chache na kuongeza, au uvute nyingi mara moja? Kampuni ya maziwa ya Lactalis ya Ufaransa, Desemba 2017, ilianza na bechi 12 za maziwa ya unga ya watoto kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Siku chache baadaye zikawa zaidi ya 600. Kabla ya Krismasi ikawa kila kilichotoka kiwanda cha Craon tangu Februari, na Januari ikatajwa idadi ya makopo milioni 12 katika nchi 83. Kila nyongeza ilikuwa habari mpya ya ukurasa wa mbele, na kila mzazi aliyekwisha kuambiwa "kopo lako ni salama" aliambiwa vingine. Mimi nachagua pana kwanza, isipokuwa kumbukumbu zako zinaweza kuifunga bechi kwa ushahidi: kihenge kilikuwa kitupu tarehe hii, sampuli ya akiba ya lori la pili imepimwa na iko salama. Ukiwa na hayo, tangaza finyu na usimame hapo. Usipokuwa nayo, ufinyu wako ni matumaini tu.

Supamaketi na majumla

Supamaketi inaonekana rahisi: barua pepe moja, bidhaa inafungwa kwenye mashine ya malipo. Ila msimbopau wa kawaida wa tarakimu 13, ule unaoanza na 620 kwa waliosajiliwa Tanzania au 616 Kenya, hautaji bechi. Ukifungwa, unga wako wote umefungwa, ule mzuri pamoja na ule mbaya. Shirika la GS1, linalosimamia misimbopau, linahimiza mashine za malipo duniani ziweze kusoma msimbo wa mraba unaobeba bechi na tarehe kufikia mwisho wa 2027. Mpaka msimbo huo ufike kwenye duka lako la jirani, mfanyakazi atasoma pakiti moja moja rafuni. Na akichoka anaacha: katika sakata la Lactalis, maduka makubwa ya Ufaransa yalikiri kuendelea kuuza makopo baada ya tangazo.

Kwa majumla, kumbukumbu yako inaishia kwa mtu wa kwanza. Yeye kauza kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani, Mangi kauza kwa nusu kilo kwenye mfuko usio na jina. Huko karatasi haifiki. Kinachofika ni pesa. Rudisha fedha taslimu siku hiyohiyo, kwa bei ya duka, bila kudai risiti, na mabando yatarudi. Ahadi ya "tutakufidia mzigo ujao" inamfanya muuzaji auze alichonacho kwanza. Weka akiba ya fedha hiyo kwenye mpango, kwa tarakimu. Bima ya dhima ya bidhaa mara nyingi hailipi gharama za kurejesha mzigo, kwa hiyo soma masharti kabla ya kuihesabu kama akiba.

Mzigo ukisharudi

Kurudia kusaga, kuchanganya na unga safi ili kipimo kishuke, au kuharibu? Kuchanganya ni haramu kwenye kitabu changu, na kupika hakusaidii: sumukuvu inahimili moto mkali kuliko ugali unavyoweza kufika. Nestlé ilipoondoa tambi za Maggi India mwaka 2015 kwa madai ya kuwa na madini ya risasi, ilizichoma kwenye matanuri ya viwanda vya saruji. Kwa sumukuvu ningeomba njia kama hiyo, mdhibiti akishuhudia na kusaini.

Kishawishi kikubwa ni kuuza unga uliorudi kama chakula cha kuku au ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akila sumukuvu, sehemu yake hutokea kwenye maziwa ikiwa na jina jingine, M1, na mtoto aliyenusurika na uji anaikuta kwenye chai.

Na hapo ndipo penye tundu ninalolikuta karibu kila kiwanda. Sembe ikikobolewa, sehemu kubwa ya sumukuvu huondoka na ganda na kiini. Maana yake, lori likiwa bovu, pumba zake ni mbovu kuliko unga wake. Kwa mfano wetu hizo ni karibu tani 9 kwa kila lori, na hazina pakiti, bechi wala tarehe. Mpango unaorejesha pakiti 10,500 na kuziacha tani 9 mitaani umefanya nusu ya kazi. Pumba huuzwa getini kwa magunia, taslimu, kwa wafugaji wanaokuja na bodaboda na vikirikuu, na ukitaka kujua ni akina nani usimsumbue mhasibu. Namba zao anazo mlinzi wa geti, kwenye simu yake.